Kisomo, kompyuta, kikundi cha vitabu au baraza la mashairi: mtu mzima achague lipi maktabani?

Kila mwanzo wa mwaka ubao wa matangazo wa maktaba yetu ya mtaa, hapa pembezoni mwa Morogoro mjini, hujaa karatasi mpaka pini zinakwisha. Kisomo, Jumanne na Alhamisi. Kompyuta kwa wanaoanza. Kiingereza cha kazini. Kikundi cha vitabu. Baraza la mashairi. Mada ya mwezi: mirathi. Watu wazima husimama pale, macho yakashuka mpaka karatasi ya mwisho, halafu wakaenda zao bila kuandikisha jina. Mimi hujitolea kwenye meza ya kuandikisha, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la bei. Ni hili: "Wenzangu watakuwa akina nani?"

Hilo ni swali la aibu, na nimejifunza kuliheshimu. Mtoto akikosea darasani huchekwa, naye akacheka, yakaisha. Mtu wa miaka 50 anayeamkiwa shikamoo na mtaa mzima hana wepesi huo. Ndiyo maana sitakuambia programu ipi ni bora kuliko zote. Nitaziweka mbilimbili, zile ambazo watu huzichanganya au husitasita kati yake, nikuoneshe kila moja inakudai nini: muda, hela, na aibu ya namna gani utaimeza wiki za mwanzo.

Kisomo au QT?

Hizi huchanganywa kwa sababu zote huitwa elimu ya watu wazima. Kisomo ni cha asiyejua kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK. Mtihani wa Maarifa, ambao mtaani hakuna anayeuita hivyo bali QT, kifupi cha Kiingereza Qualifying Test, ni wa mtu anayesoma vizuri tu ila hakupita sekondari kwa njia ya kawaida. Akiufaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kwenye karatasi tofauti iko wazi. Mezani kwangu haiko wazi hata kidogo. Huja mtu aliyemaliza darasa la saba, anasoma gazeti bila kusita, lakini amejishusha hadi anaomba kisomo. Huyo namwelekeza QT siku hiyohiyo, maana kisomo kitamchosha wiki ya pili. Na huja mwingine mwenye cheti cha darasa la saba ambaye kusoma kwenyewe kulimpita, anaomba QT kwa sababu neno kisomo linamchoma. Wa pili ndiye mgumu. Ukimnyima QT umemwaibisha, ukimpa atakwama kwenye kitabu cha kwanza cha historia. Kama ni wewe, jipime nyumbani, mlango umefungwa: chukua karatasi ya maelekezo ndani ya boksi la dawa, usome aya moja kwa sauti. Ikichukua zaidi ya dakika tano, anza kisomo. Miezi michache ya kisomo itakuokolea mwaka mzima wa QT.

Kisomo kina historia nzito nchini. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kabla ya hapo, kuanzia 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO kanda ya Ziwa ulikuwa umeanza kufundisha kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, migomba na uvuvi. Wazo lilikuwa kwamba mvuvi ashike herufi kupitia wavu, si kupitia picha ya mwanasesere. Hilo ndilo jambo la kumwuliza mwalimu kabla hujaandikisha jina: tutasoma nini? Akikuonesha kitabu cha watoto wa darasa la kwanza, fikiri mara mbili. Akikuonesha salio la simu, kadi ya kliniki, risiti ya duka la pembejeo na maneno "vijiko viwili kutwa mara tatu", kaa.

Gharama ya kisomo kwetu ni daftari na penseli. Aibu yake ni kubwa kuliko zote, lakini ni fupi: siku ya kwanza ya kuonekana unaingia chumba kile. Wengi hupita mlango wa nyuma, na sisi tumeacha kuufunga. Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye tangazo lolote. Baada ya miaka 40 macho ya watu wengi hushindwa kuona maandishi ya karibu. Nimewaona wanafunzi watatu waliodhani vichwa vyao vimekuwa vizito, kumbe walihitaji miwani ya kusomea. Mmoja alikuwa ameshaacha darasa. Pima macho kwanza, ndipo ujilaumu.

QT inadai zaidi. Kuna ada ya mtihani, kuna vitabu, na kuna usiku mwingi wa kusoma peke yako. Maktaba nyingi hutoa meza, taa na vitabu vya kiada, halafu usajili wenyewe unafanyika kwenye kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani. Uliza mapema kituo ni kipi. Anayekuhakikishia kufaulu anakuuzia hewa.

Kompyuta au Kiingereza?

Wanaochagua hapa wanatafuta ugali, tusidanganyane. Wengi hutaka Kiingereza kwanza, kwa sababu ung'eng'e una hadhi. Mimi huwaambia waanze na kompyuta, na sababu yangu iko barabarani, kwenye steshenari.

Mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, anayesoma na kuandika bila shida, anamlipa kijana wa steshenari amjazie maombi ya kazi mtandaoni. Kijana anamfungulia barua pepe, anamwekea neno la siri analolijua yeye. Wiki kadhaa baadaye mtu anaitwa kwenye usaili kupitia barua pepe asiyoweza kuifungua, na kijana amehamia Dodoma. Nimeyasikia masimulizi ya namna hii mara nyingi mno. Namba ya mlipakodi, kusajili jina la biashara, kuchukua kontroo namba ya malipo ya serikali: yote yamehamia kwenye skrini, na kila hatua unayoshindwa kuifanya mwenyewe una mtu wa kumlipa.

Tena lugha si kizuizi kama watu wanavyodhani. Simu nyingi za kisasa hukubali kuwekwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo unaweza kujifunza kuifungua na kuitunza barua pepe yako bila kusubiri Kiingereza kikae sawa.

Darasa la kompyuta la kujiunga nalo utalijua kwa mikono. Chungulia dirishani dakika kumi. Mwalimu akiwa ndiye anayeshika kipanya na wengine kumi na wawili wamesimama nyuma yake, hiyo ni sinema. Watu wawili kwa mashine moja inavumilika, watano, hapana. Uliza umeme ukikatika mnafanya nini. Kwetu tunahamia kwenye simu za wenyewe, na ukweli ni kwamba siku hizo watu hujifunza zaidi, kwa kuwa simu ndiyo wanayorudi nayo nyumbani. Aibu ya darasa hili ni ya umri: mwalimu anaweza kuwa rika la mwanao wa mwisho. Baba mmoja mstaafu alimwita mwalimu wake "mwalimu" na mwalimu akamwita "mzee", na mambo yakaenda. Ukitarajia kuheshimiwa kwa mvi peke yake, utateseka.

Kitu kimoja usikipuuze. Karatasi ya mahudhurio ya maktaba si cheti cha VETA, vile vyuo vya ufundi stadi. Kama mwajiri anataka cheti, nenda chuo; maktabani nenda upate mkono mwepesi.

Kiingereza kina aibu ya mdomo, nayo haiishi siku moja. Kwa hiyo kichague pale tu unapojua utakitumia wiki hiyohiyo. Dereva anayepeleka wageni Mikumi, mhudumu wa mgahawa, mama anayeuza vikapu kwa watalii wanaopanda Uluguru, hao hupanda haraka kwa sababu makosa yao yana mteja wa kuyasahihisha. Anayesoma Kiingereza "ili nisaidie watoto na kazi za shule" naye hufika, lakini polepole, na ningemshauri aanze kwa kusoma vitabu vya watoto hao pamoja nao sebuleni. Ni bure na hakuna wa kumcheka ila wanawe, ambao watamcheka kwa vyovyote.

Kikundi cha vitabu au baraza la mashairi?

Hapa hakuna anayetafuta kazi, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi kuchagua. Hudhani kikundi cha vitabu ni cha wasomi na baraza la mashairi ni la kila mtu. Kwa uzoefu wangu mambo yako kinyume.

Kikundi cha vitabu kina shida ya nakala. Watu kumi na wanne, riwaya moja, nakala mbili. Vikundi vingi hufa papo hapo, au vinakimbilia kutoa fotokopi ya kitabu kizima, ambayo ni kumwibia mwandishi aliyehangaika miaka miwili. Cha kwetu kilikaribia kufa kwa namna hiyo. Tulichofanya ni cha kizamani: tunasoma kwa sauti palepale, kwa zamu, nusu saa, kisha tunazungumza saa nzima. Asiyetaka kusoma anasema "pita" na zamu inapita. Hakuna kazi ya nyumbani. Matokeo yake riwaya ya kurasa 150 inatuchukua karibu miezi mitatu, na msomaji wa haraka huona kama anapanda mlima kwa magoti. Huyo atafute kikundi kinachosoma nyumbani, mjini vipo, kila mwanachama ananunua nakala yake na wanakutana mara moja kwa mwezi. Gharama ni ya kitabu kimoja kila mwezi pamoja na soda. Chetu ni bure, polepole, na mna fundi cherehani, mwalimu mstaafu, wauguzi wawili na mlinzi wa benki asiyewahi kukosa.

Aibu ya kikundi cha vitabu ni ya maoni. Siku za mwanzo kila mtu husema "kitabu kina mafunzo mazuri" akanyamaza, kama tuko mbele ya mkaguzi wa shule. Shule ndiyo iliyotufundisha kwamba riwaya ina dhamira nne na falsafa moja, na jibu liko nyuma ya kitabu cha mwongozo. Huchukua wiki tano, sita, ndipo mtu wa kwanza anathubutu kusema mhusika mkuu anamkera. Siku hiyo kikundi kinazaliwa. Kama umejiunga, na hata wiki ya tatu bado unaona watu wanajibu kama wako kwenye mtihani, vumilia kidogo.

Baraza la mashairi limefunguliwa kwa wote, mkeka chini, kahawa chungu na kashata, lakini sheria zake ni kali. Wengi wanaokuja ni wa mashairi ya arudhi, wale ambao magazeti yaliwalea. Ubeti una mistari minne, kila mstari mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane na nane, vina vya kati na vya mwisho vinalingana. Ukikosa mizani moja, mzee wa pembeni atahesabu kwa vidole, kimyakimya, nawe utaviona vidole. Mama mmoja muuza maandazi alikaa barazani majuma manne bila neno. La tano akafungua daftari:

*Nimekuja kusikia, si kusema mbele yenu,*
*Kalamu naichukua, niandike beti zenu,*
*Woga ukiniishia, nitajibu swali lenu,*
*Leo mkeka natwaa, nikae pembeni mwenu.*

Mzee wa vidole alihesabu mara mbili. Kisha akasema, "Zimetimia, mama," na juma lililofuata akamjibu kwa vina vilevile, kama ilivyo ada ya malenga wakijibizana. Tangu hapo mama huyo hakai tena pembeni.

Nimekupa kisa hicho kwa sababu kinaonesha baraza linavyofanya kazi: unaruhusiwa kunyamaza muda mrefu. Kikundi cha vitabu hakikupi nafasi hiyo, watu ni wachache na kimya chako kinaonekana. Kwa hiyo kama aibu yako ni ya kuongea, anza na baraza, hata kama hujawahi kutunga. Kama aibu yako ni ya kukosolewa kwa kanuni, kaa na vitabu, kule hakuna mwenye mizani. Vijana wa mashairi huru wana usiku wao, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na gitaa. Wazee hawaendi. Wanasema yale ni maneno yaliyokatwa mistari. Vijana nao wanasema yao. Mgogoro huu ni wa tangu miaka ya 1970 na hauishi leo, wewe nenda kote kuwili.

Ngonjera ni daraja zuri kwa anayesitasita. Mshairi Mathias Mnyampala ndiye aliyeikuza, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilienea mashuleni na mikutanoni. Watu wawili au zaidi wanabishana kwa beti, na kwa sababu unasema maneno ya mhusika, si yako, ulimi hulegea. Baadhi ya maktaba huiandaa karibu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na mazoezi huanza wiki nyingi kabla. Ukitaka kuonja bila kujifunga mwaka mzima, ingia hapo.

Mada za mwezi

Afya, sheria, kilimo, lishe. Unakuja siku moja, unasikiliza, unauliza, unaondoka. Hazina aibu, na pengine kwa sababu hiyo hazibadilishi mtu sana. Isipokuwa mbili. Mada ya mirathi hujaza ukumbi hadi watu wanasimama dirishani, na ya ardhi vilevile, maana wengi hapa wana shamba kijijini ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawaruhusu kuliombea hati miliki ya kimila na hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyetulia. Kwa hizo beba nakala za karatasi zako, na andika swali lako kabla hujatoka nyumbani.

Jihadhari na mtoa mada anayemaliza kwa kufungua begi. Tulimpata mmoja wa "lishe" aliyegeuka kuwa muuza vidonge dakika ya arobaini. Maktaba makini humwuliza mtoa mada anatoka wapi na anauza nini kabla ya kumpa ukumbi.

Zamani kulikuwa na namna bora zaidi ya hii, na sijui kwa nini tumeiacha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu kama milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio: mnasikiliza kipindi, mnasoma kijitabu, mnajadili, kisha mnakubaliana kufanya kitu, na vyoo vikachimbwa kweli. Ukiona maktaba yako ina kikundi cha majadiliano kinachokutana mfululizo juu ya jambo moja, kipe kipaumbele kuliko mada kumi za siku mojamoja.

Saa, masika na watoto

Nimeacha jambo la kawaida mwisho, nalo huvunja nia za watu kuliko aibu. Mama lishe hupumua kuanzia saa tisa alasiri. Bodaboda wana utulivu kati ya saa nne na saa sita mchana. Mwajiriwa ana Jumamosi, kama hana harusi, msiba wala kikao cha harusi. Programu nzuri kwa saa mbaya ni programu mbaya kwako, usijilazimishe. Kisomo chetu hupungua nusu kila masika, Machi hadi Mei, watu wakiwa shambani na njia ikiwa tope, kwa hiyo anayeanza kisomo namshauri aanze Juni. Kompyuta na vitabu havijali mvua.

Mwenye watoto wadogo aulize swali moja tu: je, kona ya watoto iko wazi saa hiyohiyo? Kwetu tulipoihamishia kona hiyo Alhamisi, wanawake kwenye kisomo waliongezeka bila tangazo lolote.

Na Alhamisi hiyo ndiyo siku ninayompa anayeniambia ameshindwa kabisa kuchagua. Kisomo ni saa tisa, kompyuta saa kumi na moja, vyumba vinatazamana. Anayemaliza la kwanza akavuka ukumbi kwenda la pili tunamwekea kiti cha dirishani, maana mashine ya pale ndiyo pekee yenye betri nzima.